Matege katika Nchi za Jua: Vitamini D, Kalsiamu na Mifupa ya Mtoto

Katika kliniki nyingi za mama na mtoto, mzazi anayeuliza kuhusu miguu ya mtoto iliyopinda hupewa jibu fupi: mtoe nje apate jua la asubuhi. Ushauri huo una nia njema, na kwa watoto wengi hauna madhara. Lakini wapo watoto wanaoshinda juani mwaka mzima, wakichunga mbuzi au wakicheza uwanjani, na bado mifupa yao hulainika. Wapo wengine ambao miguu yao ingenyooka yenyewe bila dawa wala jua. Na wapo wachache ambao, wakati mzazi anasubiri jua lifanye kazi yake, hupata degedege au nimonia kabla ya siku ya kurudi kliniki. Neno moja, matege, limewafunika wote hao.

Makala haya yanaeleza vitamini D hufanya nini katika mfupa unaokua, ni kiasi gani kinachotosha katika damu ya mtoto, na kwa nini kiasi hicho peke yake hakielezi matege yote yanayoonekana Afrika Mashariki.

Mfupa unavyokua

Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto kuna bamba jembamba la gegedu. Humo seli huongezeka, hujipanga kwa safu, hukomaa, kisha mahali pake hujazwa madini ya kalsiamu na fosforasi na kuwa mfupa. Madini yakikosekana, seli za gegedu huendelea kuongezeka bila kukomaa, na bamba hunenepa na kutanuka. Ndiyo sababu vifundo vya mikono huvimba, na mahali mbavu zinapokutana na gegedu za kifua hutokea vinundu vilivyopangana kama shanga za tasbihi. Mtoto anayetambaa huweza kupinda mikono. Akianza kusimama, mifupa laini ya miguu hubebeshwa uzito ulioizidi nguvu, nayo hupinda kwenda nje au kwenda ndani. Hali hii ndiyo ambayo wataalamu huiita riketsi.

Kazi kubwa ya vitamini D hufanyika utumboni. Pasipo vitamini D ya kutosha, utumbo hufyonza takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyo katika chakula. Ikiwapo ya kutosha, hufyonza asilimia 30 hadi 40. Mwili hauwezi kuvumilia kalsiamu ya damu ishuke, kwa kuwa moyo, misuli na mishipa ya fahamu huitegemea kila dakika. Kwa hiyo tezi nne ndogo zilizo nyuma ya tezi kubwa ya shingo hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani. Homoni hiyo hiyo huzifanya figo zipoteze fosforasi katika mkojo, na upotevu huo ndio unaozuia gegedu kukomaa.

Maelezo hayo yana jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika. Tezi hizo hazijui kwa nini kalsiamu imepungua. Ikiwa imepungua kwa sababu vitamini D haipo, au kwa sababu chakula chenyewe hakina kalsiamu, hufanya kazi ile ile, na mfupa hulainika vile vile. Mtoto anaweza kuwa na vitamini D ya kuridhisha na bado akaugua riketsi.

Jua la saa ngapi?

Vitamini D nyingi ya binadamu hutengenezwa katika ngozi kwa mionzi ya urujuanimno ya aina ya B, kisha hubadilishwa katika ini na kukamilishwa katika figo. Chakula huchangia kidogo tu: samaki wenye mafuta kama vibua, kiini cha yai, na ini.

Mionzi hiyo huchujwa sana na anga jua linapokuwa chini. Jua la saa moja asubuhi, ambalo ndilo linalosifiwa zaidi, hupasha mwili joto lakini huleta vitamini D kidogo mno. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko kimo cha mtu, mionzi inayohitajika ni haba, kikiwa kifupi kuliko kimo, ipo. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kivuli huanza kuwa kifupi kuliko kimo mnamo saa tatu hadi saa nne asubuhi. Kioo cha dirisha nacho huizuia mionzi hii karibu yote, kwa hiyo mtoto aliyelazwa kando ya dirisha lililofungwa amepata mwanga na joto, basi. Ngozi nyeusi huweza kutengeneza vitamini D vizuri, ila huhitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe kwa sababu rangi yake huchuja mionzi.

Kwamba muda huo hupatikana pasipo shida kwa mtu anayeishi nje, kumethibitishwa nchini Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima watu wazima wa jamii za Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango cha juu kuliko kinachoonekana kwa kawaida Ulaya. Hawakuwa wakinywa matone wala vidonge.

Mtoto wa mjini haishi hivyo. Hukaa ndani siku arobaini za mwanzo, akiwa amefunikwa kanga na shali hata wakati wa joto. Baadaye mama hurudi kazini, na mtoto hubaki na dada wa kazi katika nyumba ya ghorofa au yenye ua uliozibwa. Mama mwenyewe, ikiwa anashinda ofisini au anajisitiri mwili mzima anapotoka, anaweza kuwa na upungufu, na mtoto huzaliwa na akiba inayolingana na ya mama yake. Akiba hiyo huisha baada ya majuma machache. Maziwa ya mama, ambayo ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto mchanga, yana vitamini D kidogo sana. Kwa kawaida haifiki yuniti 100 kwa lita, ilhali mtoto huhitaji 400 kwa siku. Si kasoro ya maziwa. Maumbile yalitarajia kwamba kazi hiyo itafanywa na ngozi. Familia za Waswahili zilizohamia Oman na nchi nyingine za Ghuba huishi katika mojawapo ya maeneo yenye jua kali kuliko yote duniani, na huko upungufu wa vitamini D ni wa kawaida, hasa kwa wanawake na watoto wachanga, kwa sababu jua hilo hilo huwafukuza watu ndani.

Addis Ababa ina jua na iko juu milimani, ambako mionzi ni mikali zaidi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulipolinganisha watoto wa chini ya miaka mitano waliolazwa kwa nimonia na wenzao wasio na nimonia, riketsi ilionekana kwa asilimia 42 ya wagonjwa na asilimia 4 tu ya wale wengine. Mbavu laini hushindwa kuutanua kifua, misuli hulegea, na kinga ya mwili hudhoofika. Mhudumu anayemtibu mtoto mwenye nimonia inayojirudia angefanya vyema kuvishika vifundo vya mikono yake kabla ya kuandika antibiotiki ya tatu.

Jibu lililotoka Ulaya

Imani kwamba riketsi ni ugonjwa wa kukosa jua ilijengwa Ulaya, na huko ilikuwa sahihi. Watoto wa miji ya viwanda waliishi katika vichochoro vilivyojaa moshi, na wakati wa baridi jua la huko halina nguvu. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaponya watoto wenye riketsi kwa kuwamulika kwa taa ya urujuanimno. Wakati huo huo, jijini London, Edward Mellanby alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia ugonjwa huo, na baada ya muda mfupi Elmer McCollum wa Marekani alikipa kiini kilichomo jina la vitamini D. Watoto hao wa Ulaya walikuwa na maziwa, au angalau jibini, mezani. Kalsiamu haikuwa shida yao kubwa. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa kutokana nao vilisafiri hadi mahali ambapo jua lipo na maziwa ni ya nadra, na jibu likasafiri pamoja navyo.

Aliyelijaribu jibu hilo barani Afrika kwa umakini ni Tom Thacher na wenzake, mjini Jos, Nigeria. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto 123 wenye riketsi waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza walipewa vitamini D peke yake, wa pili kalsiamu peke yake, wa tatu vyote viwili. Chakula chao cha kawaida kiliwapa takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Baada ya majuma 24, waliofikia kiwango cha kupona kilichowekwa walikuwa asilimia 19 kati ya waliopewa vitamini D, asilimia 61 kati ya waliopewa kalsiamu, na asilimia 58 kati ya waliopewa vyote. Jua la Nigeria lilikuwa limekwisha kufanya sehemu yake.

Hali hiyo si ngeni kwa mtoto wa Afrika Mashariki aliyeachishwa ziwa na kuhamia ugali wa sembe kwa mboga za majani asubuhi na jioni. Mahindi yana kalsiamu kidogo mno, na nafaka zisizokobolewa zina fiteti inayoikamata hata hiyo kidogo isifyonzwe. Mchicha una kalsiamu, lakini umejaa oksaleti inayoizuia. Ufumbuzi umo sokoni, wala hauhitaji duka la dawa. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 kina takriban miligramu 300. Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni miongoni mwa vyakula vyenye kalsiamu nyingi kuliko vyote; wakisagwa na kuchanganywa katika uji, hata mtoto wa mwaka mmoja huwala. Wimbi lina miligramu zipatazo 300 au zaidi katika gramu 100 za unga, mara nyingi kupita mahindi, na uji uliochachushwa au togwa iliyotengenezwa kwa kimea hupunguza fiteti. Inasikitisha kwamba wimbi na dagaa huonekana na baadhi ya wazazi kuwa chakula cha wasiojiweza, huku fedha zikitumika kununua biskuti na vinywaji vya chupa.

Kiasi kinachotosha

Kipimo kinachotumika ni cha 25-haidroksivitamini D katika damu. Kwa mujibu wa makubaliano ya wataalamu wa kimataifa kuhusu riketsi ya lishe, yaliyochapishwa mwaka 2016, zaidi ya nanomoli 50 kwa lita ni ya kutosha, kati ya 30 na 50 ni pungufu, na chini ya 30 ni upungufu wa kweli unaoweza kuleta riketsi. Makubaliano hayo hayo yaliweka vipimo vya kalsiamu katika chakula kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja: zaidi ya miligramu 500 kwa siku inatosha, chini ya 300 ni upungufu. Vipimo hivi viwili husomwa pamoja. Mtoto mwenye nanomoli 40 anayekunywa maziwa kila siku anaweza kuwa salama. Mwenye 40 hizo hizo anayekula miligramu 200 za kalsiamu yumo hatarini.

Tahadhari moja kwa wanaosoma majibu ya maabara. Baadhi ya maabara huandika nanomoli kwa lita, nyingine nanogramu kwa mililita, na nanogramu 1 ni sawa na nanomoli 2.5. Jibu la "20" ni zuri kwa kipimo cha pili, kwa kuwa ni nanomoli 50, na ni baya kwa kipimo cha kwanza. Watoto wenye afya wamewahi kupewa dozi kubwa kwa sababu tu ya kutosoma herufi ndogo zilizo kando ya tarakimu. Aidha, baadhi ya maabara huchapa nanomoli 75 kuwa mpaka wa chini, jambo linalofanya umati wa watoto wazima waitwe wagonjwa. Kumpima kila mtoto hakuna faida. Mtoto mwenye dalili huhitaji picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na goti, pamoja na kipimo cha kimeng'enya cha alkalaini fosfatasi, kalsiamu na fosforasi. Fedha ya kipimo cha vitamini D, ambacho ni ghali, mara nyingi ingefaa zaidi kununua maziwa.

Matege yasiyo riketsi

Watoto wote huzaliwa na miguu iliyopinda kiasi kuelekea nje. Kwa kawaida hunyooka karibu na umri wa miaka miwili, kisha magoti huelekea kugusana kati ya miaka mitatu na minne, na kufikia miaka saba miguu huwa imetulia. Mtoto wa miezi 18 mwenye matege yanayolingana pande zote mbili, anayekua vizuri na asiye na uvimbe vifundoni, huhitaji kutazamwa tu. Mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, maumivu, kimo kufupika, kutotembea baada ya miezi 18, utosi kuchelewa kufunga, meno kuchelewa kuota, au matege yanayozidi baada ya miaka miwili: hapo mtoto apelekwe hospitali.

Ipo riketsi ya kurithi ambayo figo hupoteza fosforasi tangu utotoni. Haiponi kwa dozi za kawaida. Upo pia ugonjwa wa Blount, unaoharibu bamba la ukuaji upande wa ndani wa goti, hasa kwa watoto wazito walioanza kutembea mapema.

Kwa wakazi wa pembezoni mwa Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa kipo chanzo kingine: floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya maji huko huvuka kiasi hicho kwa mbali. Wengi huyajua meno yenye rangi ya kahawia. Wachache hujua kwamba floraidi nyingi hupindisha mifupa ya watoto, na kwamba madhara huwa makubwa zaidi kwa mtoto anayekosa kalsiamu. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande huongeza floraidi zaidi. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea. Maji ya mvua, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ndiyo yanayofaa kupikia na kunywa kwa mtoto. Huko, kumwambia mama amtoe mtoto nje na kumrudisha kwenye bomba lile lile ni kumpotezea miaka ambayo hairudi.

Matone na dozi

Makubaliano ya 2016 yanapendekeza yuniti 400 za vitamini D kila siku kwa watoto wote tangu kuzaliwa hadi miezi 12, na angalau 600 baada ya hapo kutokana na chakula au nyongeza. Pale ambapo haiwezekani kuwapa wote, wapewe kwanza walio hatarini: wanaozaliwa na upungufu wa uzito au kabla ya wakati, wanaokaa ndani, ambao mama zao wana upungufu, na watoto wenye ualbino. Hawa wa mwisho wasianikwe juani kamwe kwa ajili ya vitamini D. Ngozi yao huungua na hatari ya saratani ni ya kweli. Matone huwatosha. Akina mama huuliza pia kama matone yanavunja unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee. Hayavunji, kanuni za Shirika la Afya Duniani zinaruhusu matone ya vitamini na dawa katika miezi sita ya mwanzo.

Hatari iko katika chupa. Zipo zinazotoa yuniti 400 kwa tone moja, na zipo zinazotoa yuniti hizo kwa mililita nzima. Mama aliyezoea mililita moja, akibadilishiwa chupa bila maelezo, anaweza kumpa mtoto mara ishirini au thelathini ya dozi. Sumu ya vitamini D huleta kutapika, kufunga choo, kiu, mkojo mwingi na hatimaye madhara ya figo. Mtoa dawa na amwonyeshe mama tone au alama ya kipimo kwa mkono wake, wala asitegemee maandishi ya kwenye boksi.

Riketsi ikithibitishwa, dozi huwa nyingine: yuniti 2,000 kwa siku kwa aliye chini ya mwaka mmoja, 3,000 hadi 6,000 kwa wa mwaka mmoja hadi 12, na 6,000 kwa wakubwa zaidi, kwa muda usiopungua siku 90. Daima huambatana na miligramu 500 za kalsiamu kwa siku, kwa chakula au kwa dawa. Vitamini D pasipo kalsiamu ndiyo kosa linalofanyika mara nyingi zaidi. Mtoto mchanga mwenye degedege lisilo na homa apimwe kalsiamu pamoja na sukari, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea, kwa kuwa kalsiamu ikishuka sana moyo nao hudhoofika.

Picha ya eksirei hurudiwa baada ya miezi mitatu. Mstari mweupe wa madini mapya kwenye ncha ya mfupa ndiyo dalili ya kwanza ya kupona, nao huonekana muda mrefu kabla miguu haijaanza kunyooka. Mzazi aambiwe hivyo mapema, vinginevyo ataacha dawa mwezi wa pili kwa kuona hakuna mabadiliko. Kwa mtoto mdogo, mguu hunyooka taratibu kwa mwaka mmoja hadi miwili kadiri mfupa mpya unavyoota. Upasuaji hufikiriwa kwa wale ambao mifupa yao imekwisha kukomaa kwa madini na bado imepinda. Ukifanywa kabla, mfupa laini hupinda tena.